Chokaa kwa Ajili ya Mkaguzi

Paa la nyumba ya mama liliondoka Jumamosi saa tisa na robo alasiri, yeye akiwa sebuleni anakunja nguo. Najua saa kwa sababu aliiandika. Mama alifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini na akamaliza akiwa mwalimu mkuu. Hata baada ya kustaafu hajaacha kuandika mambo ya nyumbani kwake kwenye daftari kubwa, vilevile alivyokuwa akiandika kitabu cha matukio cha shule. Siku ile aliandika: "Saa 9:15 alasiri. Upepo. Paa limeondoka." Chini yake akaongeza: "Nguo zimelowa tena."

Nyumba iko Bunju, ndani kidogo ukitoka barabara ya Bagamoyo. Ina vyumba vitatu, sebule, na choo cha nje ambacho baba alikataa kukibomoa hata tulipojenga cha ndani. Waliijenga wawili kwa miaka kumi na moja huku wakipanga Kimara, na baba alilala ndani yake miaka minne tu, kisha akafariki. Wao ni watu wa Njombe walioletwa Dar na uhamisho wa kazi. Mama akisema "nyumbani" anamaanisha Njombe, na akisema "kwangu" anamaanisha Bunju. Ukichanganya anakusahihisha.

Mimi naishi Chang'ombe na nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Ni mtu wa makaratasi na mihuri, na hasira zangu haziko mbali. Nilifika Jumapili asubuhi, nimejiandaa kumgombeza mtu yeyote nitakayemkuta, hata upepo wenyewe. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama.

Paa lilikuwa kwenye kiwanja kitupu cha jirani, zima. Mabati, mbao, kenchi zake zote, limetua limeelekea upande uleule lililokuwa limeelekea juu ya nyumba. Ungedhani kuna nyumba nyingine pale iliyozama ardhini ikabaki kofia. Majirani walikuwa wamesimama pembeni. Hata wale wanaojua sababu ya kila kitu mtaani walikuwa wanatazama tu. Nilisahau kukasirika, na kwa anayenijua hilo si jambo dogo.

"Liliinuka taratibu," mama alinisimulia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule isiyo na dari. "Kama mtu anavyofunua sufuria kutazama wali umefikia wapi. Misumari ikalia, halafu kukawa na mwanga. Nikaona mbingu. Mwanangu, nimekaa hapa miaka yote hii sikujua mbingu ya kwangu ni pana kiasi hiki."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Lakini ilikuwa nzuri. Hilo usimwambie mchungaji."

Nilikuwa na simu yenye kamera nzuri. Siku ile nilipiga picha tatu tu, kwa sababu muda uliobaki nilikuwa nabeba magodoro. Zote tatu nilizipiga nikiwa nimelala chali kwenye sakafu ya chumba cha mama, nikitazama juu, pale palipokuwa na paa. Nilikuja kuzijutia hizo picha.

Mchana nikatoka, nikajificha nyuma ya tangi la maji, karibu na choo cha nje, nikampigia kaka yangu Mwanza. Mama ana bima ya nyumba. Wakala alikuja kwenye kikundi chao cha walimu wastaafu, wenzake wakaiacha baada ya mwaka, yeye akaendelea, na sisi watoto tulimtania kila Krismasi kuhusu hiyo bima yake ya kizungu. Sasa hatukuwa na kingine cha kushika. Tukakubaliana na kaka: bima ikilipa, nyumba inaezekwa. Ikikataa, mama anahamia kwangu Chang'ombe na kiwanja tunauza. Mwanamke wa miaka sabini na moja hawezi kukaa chini ya turubai masika nzima. Niliyasema hayo kwa sauti ya mtu mwenye akili. Mama nilidhani yuko kwa jirani.

Usiku wa siku hiyo nilisoma mkataba wa bima mara tatu. Upepo ukiondoa paa, wanalipa, pamoja na maji yanayoingia kutokea juu kupitia pale upepo ulipobomoa. Maji yanayopanda kutoka ardhini hawalipi, maana mama hakuchukua kipengele cha mafuriko. Na Jumamosi ile Bunju maji yalipanda pia. Barabara yetu iligeuka mto uliofika katikati ya muundi. Yeyote mwenye nia ya kukataa angesema nyumba iliharibiwa na maji ya chini. Kwa hiyo makazi ya mama yalikuwa yamesimama juu ya swali moja: maji yalitoka juu au chini?

Jumatatu nilipata barua ya serikali ya mtaa, Jumanne nikapeleka fomu kwenye ofisi ya bima mjini. Dada wa mapokezi alinihudumia vizuri kuliko nilivyotaka, maana nilikuwa nimekuja na maneno yangu makali na sikupata pa kuyatumia. Akanipigia mchana nikiwa kazini.

"Dada, mkaguzi wetu atakuja Alhamisi asubuhi. Naomba msirekebishe chochote mpaka aone, sawa?"

Nikampigia mama. "Mkaguzi anakuja Alhamisi," nikasema. Nusu ya pili ya ujumbe sikuisema. Kulikuwa na kontena la mteja limezuiwa bandarini na mteja mwenyewe yuko mlangoni kwangu anapiga kelele. Isitoshe, niliwaza, nani atarekebisha nyumba isiyo na paa ndani ya siku moja na nusu?

Sikufikiria neno lenyewe. Kwa mwalimu wa zamani, mkaguzi si mtu wa bima. Mkaguzi ni yule aliyekuwa akitoka wilayani, aliyeweza kuandika mstari mmoja mwalimu mkuu akajikuta kahamishiwa shule isiyo na barabara. Habari kwamba mkaguzi anakuja ikifika shuleni, kesho yake wanafunzi wanakuja na ndoo na mafagio badala ya madaftari. Madirisha yanaoshwa, maandalio ya somo ya miezi miwili yanaandikwa kwa usiku mmoja, na kila jiwe la njiani linapakwa chokaa. Nimekua nikiyaona hayo. Nimeyapaka hayo mawe mwenyewe, nikiwa darasa la tatu, kwa brashi ya katani.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikafika Bunju saa mbili asubuhi. Kitu cha kwanza nilichokiona kutoka barabarani ni mawe. Yalikuwa yamepangwa pande zote mbili za njia ya kuingilia, meupe.

Paa halikuwa tena kwenye kiwanja cha jirani. Majirani na fundi wa mtaani walikuwa wamelifumua. Mabati yalikuwa yameegemezwa ukutani kwa kufuata urefu, mbao zimefungwa mafungu, misumari iko kwenye makopo matatu. Matope ndani hayakuwepo, sakafu ilikuwa imesuguliwa. Na kuta zote, ndani na nje, zilikuwa zimepigwa chokaa, mbichi, bado inanuka. Jikoni kuku alikuwa anachemka. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Mama, umefanya nini?"

"Si umesema mkaguzi anakuja?"

Nilikaa juu ya fungu la mbao. Nilimweleza kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwamba huyu anakuja kuangalia uharibifu, na yeye uharibifu ameufagia. Nikasema neno ambalo hadi leo likinijia nikiwa peke yangu naona aibu. Nilimwambia, "Umeibomoa nyumba yako kuliko upepo." Aliokota ndoo ya chokaa, akaipeleka nyuma.

Mkaguzi alifika saa tatu. Alikuwa mzee wa Kihindi mwenye baraghashia, mzaliwa wa Kariakoo, Kiswahili chake cha mjini kuliko changu, ana mkoba wa turubai, futi ya kuvuta na nyundo ndogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akavua kandambili mlangoni kwa ajili ya sakafu ile inayong'aa. Akazunguka nyumba nzima. Sisi tulimfuata. Aliporudi sebuleni alikunja uso.

"Mwalimu," alimwambia mama, maana mtaani wote walishamwita hivyo mbele yake, "mie nimekagua nyumba zilizopigwa na upepo toka nywele zangu nyeusi. Samahani nikisema. Hii haionekani imepigwa na kitu. Hii inaonekana iko kwenye ukarabati. Mtu ameamua kubadili paa."

Niliruka. Nikamweleza habari za simu, za nusu ya ujumbe, za shule na mawe na chokaa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Una picha?"

Nikampa simu. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Binti, haya ni mawingu."

Niliona Bunju ikiondoka. Niliona kabisa chumba changu cha wageni Chang'ombe, kile chenye dirisha linalotazama ukuta wa karakana, na mama amekaa kitandani humo na gauni lake la kanisani.

Mzee alikuwa amegusa ukuta kwa kidole, akakitazama. "Chokaa ya mwisho imepigwa saa ngapi?"

Mama alifungua daftari lake. "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya leo."

Mzee akatazama juu. Jua lilikuwa limeanza kuvuka ukuta wa mashariki. "Basi tungoje," akasema.

"Tunangoja nini?" nikauliza, na kwa sauti yangu ilivyokuwa, mama alinikanyaga mguu.

"Jua."

Wakati tunangoja aliomba ngazi. Akapanda mwenyewe, kwa umri wake, mpaka juu ya ukuta wa chumba cha mama, mimi nimeshika chini. Alikaa huko kitambo, kisha akashuka na kipande cha waya mkononi. Fundi wa baba alikuwa amefunga mbao za paa kwenye ukuta kwa waya nene zilizozikwa kwenye zege. Kipande kile kilikuwa kinene upande mmoja, halafu kinasinyaa, kinasinyaa, mpaka ncha yake imekuwa nyembamba kama uzi.

"Koleo likikata waya, linaacha ncha butu," akasema. "Hii haikukatwa. Imevutwa mpaka ikachoka. Zipo kumi na nne hivi, zote huko juu." Alikishika kipande kile kwa vidole viwili muda mrefu. "Mie hii kazi naifanya siku zote, na bado nikiiona hivi nashangaa."

Nikakishika mimi. Nilijaribu kukipinda, sikuweza. Nikatazama juu, mchana kweupe, nikifikiria mkono uliokivuta.

Mama alileta chakula. "Nyama amechinja jirani yangu, Mwislamu, usiwe na wasiwasi."

Mzee aliweka mkono kifuani. "Ahsante sana, Mwalimu. Lakini nikila chako kabla sijaandika, kalamu haitakuwa yangu tena. Naomba maji tu. Maji hayana kesi."

Mama alinuna. Mtu kukataa kuku wake hajawahi kulizoea. Lakini alimletea maji kwenye glasi ya wageni.

Tukaketi watatu kwenye viti vya plastiki katika chumba kisicho na paa, tukitazama ukuta. Sijawahi kukaa kwenye chumba cha mama bila kufanya kitu. Chokaa ikiwa mbichi haina weupe, ina rangi ya kijivu na unaona plasta kupitia ndani yake. Jua lilipoipata ikaanza kukauka, na pale inapokauka weupe unajitokeza. Ulianza chini. Ukuta karibu na sakafu ulikuwa mweupe kabla hatujamaliza maji. Kisha weupe ukapanda, hadi usawa wa kitanda, hadi usawa wa dirisha. Halafu ukasimama.

Juu haukukauka. Juu ukuta ulibaki kijivu, na ule ukijivu ulikuwa na umbo. Ulikuwa umetanda pale matofali yalipoachwa wazi, kisha ukateremka kwa michirizi mipana, mingine mirefu, mingine mifupi, kila mmoja ukiishia peke yake. Ukuta wa pili ulikuwa vilevile. Wa tatu pia. Chumba kizima kilikuwa kinachora mbele ya macho yetu kile ambacho mama alikifuta. Nilisimama bila kujua nimesimama. Mama alisema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo.

"Tofali lilikunywa kutokea juu," mzee alisema, akipiga picha moja, anangoja, anapiga nyingine. "Siku tano halijamaliza kukauka ndani. Maji yakipanda kutoka chini yanaacha mstari mmoja, umenyooka, nyumba nzima. Yakishuka yanaacha vidole. Angalia hapo chini, pakavu. Nani alijenga msingi juu hivi?"

"Marehemu mume wangu," mama akasema. "Niligombana naye. Nilisema tunamaliza saruji kwenye msingi."

"Alifanya vizuri."

Mama aligeukia dirisha.

Mimi nimeshika makaratasi miaka ishirini. Nilikuwa naamini ushahidi ni kitu chenye muhuri, na kisicho na muhuri ni porojo. Siku ile nilimtazama mzee yule, na futi yake na kandambili zake, akiusoma ukuta mtupu mstari kwa mstari, nikaona nilichokuwa najua ni kidogo mno. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua kwa lipi hasa.

Alipokuwa anaondoka nilimuuliza kama watalipa. "Mie siamui. Naandika nilichoona," akajibu. "Na nimeona." Akavaa kandambili zake, akapita katikati ya mawe meupe.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu na siku mbili. Walikubali paa, dari na plasta. Milango miwili walikataa, na nilipoanza kuwaka mama alisema milango ilikuwa mibovu tangu zamani, niache. Fundi alianza Jumatatu. Mzee alirudi kukagua kazi ilipokwisha, na safari hiyo alikula. Alikula sahani mbili. Mama alisimama mlangoni akihesabu kila tonge kwa macho, ameridhika.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Bunju. Mvua ya masika ilikuwa inapiga juu ya bati jipya kwa nguvu mpaka hatukusikiana. Mama alienda kulala kidogo. Daftari lake lilikuwa mezani, na mimi nilitaka kuona aliandika nini kuhusu ukuta ule, kama na yeye alikosa maneno. Nikafunua hadi Alhamisi ile.

Hakukuwa na neno kuhusu ukuta. Aliandika: "Leo wamefika wakaguzi wawili. Mmoja wa bima, mmoja mwanangu. Wa bima amesema ameona. Mwanangu bado."

Sikumsikia akija. Alikuwa nyuma yangu, amejifunga khanga.

"Ulisikia," nikasema. "Ile Jumapili. Nikiongea na kaka."

"Nilikuwa chooni. Na chenyewe hakikuwa na bati."

"Mama."

"Mimi si mjinga, mwanangu. Mtu wa bima anataka kuona palipobomoka, nani asiyejua? Niliwaza, akikataa, basi. Nitakaa na turubai langu. Lakini wewe ungekuja Alhamisi, ungekuta matope na mama yako katikati yake, ungenichukua hivyohivyo, na nisingekuwa na la kusema." Alinyoosha mkono akaugusa ukuta, sasa umekauka wote. "Ile chokaa nilikupigia wewe."

Nililia. Nisingependa kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa, nililia mvua ikipiga juu yetu na hakuna tone lililoingia. Mama hakunibembeleza. Alinisogezea daftari na kalamu, akanionyesha kwa kidole mahali chini ya mstari ule, pale ambapo mkaguzi huandika maoni yake na kusaini.

Nikaandika: "Nyumba inakalika. Mwenye nyumba abaki." Nikasaini.

Alivaa miwani, akasoma taratibu mpaka mwisho.

"Hujaweka tarehe," akasema.